Soma Mgongo wa Kopo

(Hii ni hotuba kuhusu oili ya injini niliyotoa Jumamosi iliyopita mbele ya wenye magari ya zamani ya turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, uwanjani kwa gereji yetu Industrial Area, Nairobi. Wengi mlikwama kwa mvua na foleni ya Mombasa Road mkaomba niiandike. Naiweka kama nilivyoisema. Picha za projekta nimeziacha, maana hata waliokuwapo hawakuziona: stima zilipotea kabla sijafika ya pili.)

Hamjambo? Hamjambo tena? Wa nyuma hawajaitikia. Labda bado wanasikiliza kama injini zao zimeacha kugonga.

Bwana mwenyekiti, itifaki izingatiwe. Wazee wenzangu, vijana wetu, kina dada ambao mwaka jana alikuja mmoja na leo nahesabu sita, karibuni nyote.

Mimi ni fundi. Mikono hii hata niisugue na jivu haitakati. Mwenyekiti aliponialika aliniambia, "Fundi, waambie tu wanunue oili gani, halafu tule nyama." Nikamjibu kwamba ningekuwa na jibu la neno moja ningelituma kwa simu, nyama mkaniletea nyumbani. Swali mnaloniuliza kila siku ni "sintetiki gani nzuri?" Na mimi kila siku nauliza: nzuri kwa nani? Kwa injini ipi? Iliyoishi vipi? Inayoendeshwa na nani?

Nikitazama uwanja huu naona Subaru Impreza WRX, ile iliyoanza kutoka 1992. Naona Subaru nyingine, Legacy za turbo mbili na Forester za turbo, Mitsubishi Evo mbili, BMW moja iliyooshwa kuliko mwenyewe. Na pale kwenye kivuli kuna mzee wetu na Datsun 160J, aina ile Shekhar Mehta alishinda nayo Safari Rally. Tuseme ukweli: wengi wetu ugonjwa huu tuliupata kando ya barabara ya vumbi. 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne na Impreza, Mkenya, nyumbani. 1997 Colin McRae akashinda na Impreza. 2000 Richard Burns naye akashinda na Impreza. Mtoto aliyesimama pale akala lile vumbi, leo ana miaka arobaini na logibuku.

Lakini mnajua tofauti ya Impreza ya McRae na yako? Ya McRae ilikuwa ikingojewa na mafundi kila ilikosimama. Yako inangojewa na mkopo wa Sacco. Kwa hiyo oili tunayomimina ndiyo timu yetu ya mafundi, na ni vizuri tujue tumemwajiri nani.

Nianze na namba, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza injini.

Kuna kijana aliniletea Forester ya turbo ya 2004. Kijana mzuri, anapenda gari lake, alilitunza kuliko wengi wenu. Shemeji yake ana gari jipya la haibridi, na haibridi ile inatumia oili ya 0W-20. Kijana akaingia dukani, akaona hiyo ndiyo sintetiki ghali kuliko zote kwenye rafu. Akajiambia: gari langu nalipenda, nitalipa kilicho bora. Akaimimina. Wiki mbili baadaye wakaenda harusi Nakuru. Kurudi walikuwa watu watano na mbuzi buti. Kupanda ule mlima wa Mai Mahiu, jua kali, nyuma ya malori, anavuta, anaachia, anapita, anavuta tena. Katikati ya mlima akasikia ngo, ngo, ngo. Injini imenoki. Mbuzi akashuka salama.

Sitawadanganya kwamba oili peke yake ndiyo iliyoua ile injini. Nilipovuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ncha ilikuwa karibu kukauka, na hilo nitalirudia. Lakini tuisome ile 0W-20 pamoja.

Ile herufi W si ya uzito, ni ya majira ya baridi ya wenzetu huko kwenye theluji. Namba iliyo mbele yake inakuambia oili itatembeaje ikiwa baridi. Oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sufuri. Nairobi, asubuhi mbaya ya Julai, tuko nyuzi kumi au kumi na moja na tumeshavaa makoti mawili. Kwa hiyo anayekuuzia 0W kwa sababu ya baridi ya Limuru anakuuzia koti la Siberia. Halitakudhuru, lakini si hilo unalohitaji kulipia.

Namba ya pili ndiyo yako. Hiyo inasema oili itabaki na uzito gani ikiwa moto, kwenye nyuzi 100. Na kuna kipimo kingine ambacho hakiandikwi mbele ya kopo. Oili inapashwa hadi nyuzi 150 huku inasagwa kwa kasi, kama inavyosagwa kati ya beringi na krankshafti, ule mhimili mkuu wa injini, unapopanda Mai Mahiu. Kwenye karatasi ya data ya mtengenezaji utakiona kwa herufi HTHS. Oili ya 20 inatakiwa ifike angalau 2.6. Ya 30, angalau 2.9. Ya 5W-40, angalau 3.5. Unaona ngazi hiyo? Kati ya chuma na chuma kuna utando mwembamba wa oili, na hizo namba zinakuambia utando huo utavumilia kiasi gani kabla chuma hakijasalimiana na chuma. Injini ya haibridi ya shemeji ilichongwa kwa utando mwembamba. Yako haikuchongwa hivyo. Sintetiki au si sintetiki, 20 ni 20.

Basi wengine wakisikia hivyo wanakimbilia upande wa pili. "Fundi, injini yangu ni mzee, nipe 20W-50, injini mzee oili nzito." Mmelisikia hilo? Mnalisikia kila mahali. Sasa niulize: babu yako akizeeka, asubuhi unampa uji mzito au mwepesi? Oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamushafti, ule mhimili unaofungua vali, na kwenye turbo unapowasha gari alfajiri, na hapo alfajiri ndipo injini inapolika sana. Ile "injini imetulia" unayoisikia baada ya kumimina 20W-50 mara nyingi ni kelele iliyofunikwa blanketi. Mgonjwa bado ni mgonjwa.

Kwa Subaru ya turbo iliyo na afya, hapa kwetu, mimi naweka 5W-40 ya sintetiki. 10W-40 nzuri sitaikataa. 5W-30 inayokubaliwa na kitabu cha gari, kwa mama anayepeleka watoto shule na kurudi polepole, sawa. 10W-50 na ndugu zake ni za wale wanaokimbiza gari mbioni, au injini iliyofanyiwa ovahoo na fundi akaacha nafasi kubwa kwenye beringi makusudi. Kama wewe si mmoja wa hao, usivae viatu vyao. Mzee wa Datsun, wewe tutaongea kando. Ile injini kamushafti yake inasugua roka moja kwa moja na inataka oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Oili nyingi za kisasa za uzito wa 30 zimepunguziwa fosforasi ili kulinda kifaa cha kusafisha moshi, kifaa ambacho Datsun yako haijawahi kukiona.

Sasa hili neno sintetiki. Ni nini?

Chukua gunia la mchele wa Mwea jinsi ulivyotoka kinuni. Kuna punje nzima, kuna chenga, kuna mawe mawili matatu. Unaiva, unaliwa, lakini chenga zinatangulia kuwa bokoboko na jiwe linakungoja. Hiyo ndiyo oili ya kawaida: molekuli kubwa na ndogo zimechanganyika, ndogo zinavukizwa na joto, dhaifu zinageuka tope. Sintetiki ni mchele uliochambuliwa, punje kwa punje zinalingana. Ndiyo sababu inavumilia joto, haivukizwi haraka, na asubuhi inatembea vizuri.

Lakini uchambuzi una viwango. Mobil 1 ilipoingia sokoni 1974, sintetiki ilikuwa oili iliyoundwa kwenye mitambo, molekuli zikijengwa upya. Baadaye wengine wakachukua oili ya ardhini wakaisafisha kwa nguvu sana hadi ikakaribia ile, wakaiita sintetiki pia. Mobil wakalalamika kuhusu Castrol huko Marekani, na 1999 baraza la matangazo likaamua kwamba jina hilo linaruhusiwa. Tangu siku hiyo neno "sintetiki" mbele ya kopo halikuambii kilichomo. Simaanishi ile iliyosafishwa ni mbaya. Nyingi ni nzuri sana, na ndizo nyingi mnazotumia. Namaanisha ugeuze kopo. Mbele kuna picha ya gari linaloruka. Nyuma, kwa maandishi madogo ya kuumiza macho, ndiko kuna ukweli.

Nyuma utafute nini? Tafuta herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani: SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Tafuta za ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya: A3/B4, ambayo inadai ile 3.5 niliyoitaja. Wenye magari ya Ulaya mna bahati, makampuni yenu yanatoa idhini kwa jina: LL-01 kwa BMW, 229.5 kwa Mercedes, 502 00 kwa Volkswagen ya petroli. Na msome kitenzi! Kopo moja litaandika "imeidhinishwa". Lingine litaandika "inafaa kwa magari yanayohitaji". La kwanza lilifanya mtihani likapewa cheti. La pili linasema lingefaulu kama lingefanya. Nyinyi mtoto wenu akirudi nyumbani na barua ya namna hiyo mtamwamini?

Nifike kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote. Aliyehusika yuko hapa. Amenipa ruhusa mradi nisimtazame.

Alinunua Legacy ya turbo, rangi safi, ndani safi, dashibodi inasema kilomita 98,000. Akafurahi. Akasema, gari hili limechezewa oili za bei rahisi, mimi nitalitendea haki. Akamwaga oili ya zamani, akaweka sintetiki nzuri, 5W-40, namba sahihi kabisa, filta mpya. Hakukosea hata moja hapo. Wiki ya pili oili inadondoka kwenye sili ya nyuma. Mwezi wa pili taa ya oili inapepesa akisimama kwenye taa za barabarani. Akaniletea akiwa na hasira na sintetiki: "Fundi, hii kitu imekula gasketi zangu!"

Nikafungua boneti. Kwenye kona, chini ya vumbi, kulikuwa na kibandiko cha Kijapani cha siku ya kubadilisha oili. Mnavijua vile vibandiko. Mwaka umeandikwa 22. Wakati huo Wajapani walikuwa na kalenda yao ya Heisei, mwaka wa 22 ni 2010. Na kilomita? 141,000. Hiyo ni 2010, gari likiwa bado Japani. Miaka mingi baadaye, Nairobi, baada ya wenye wawili, dashibodi inasema 98,000. Gari limerudi utotoni!

Nikashusha sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Ndani kulikuwa na tope jeusi, zito kama ugali wa wimbi. Sintetiki ile ina sabuni nyingi. Ilikuwa imeanza kuosha uchafu wa miaka, na uchafu ukisha kung'olewa unakwenda wapi? Unashuka hadi kwenye chujio la bomba linalovuta oili na kuliziba. Na zile sili zilikuwa zimepasuka zamani, tope ndilo lililokuwa plasta. Kwa hiyo oili haikula gasketi. Ilifunua tu kilichokuwa chini ya plasta.

Kwa hiyo kama hujui maisha ya injini uliyonunua, usianze na oili ghali. Fungua kifuniko cha oili utazame kwa tochi. Ukiona ukoko mweusi, shusha sampu, safisha lile chujio. Kwenye nyingi za Subaru za miaka hiyo, angalia pia kijichujio kidogo ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo. Watu wengi hawajui kipo mpaka turbo ife. Kisha weka oili ya kawaida ya namba sahihi, kilomita elfu moja, uimwage. Rudia na filta mpya. Ikitoka bila chembe, sasa nunua ile ghali. Aliyehusika alifanya hivyo, na leo amekuja na ile Legacy. Sijamtazama.

Turbo nitapita haraka kwa sababu mnazijua kwa mifuko yenu. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na imeelea juu ya oili tu. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, turbo inajituma zaidi kuliko ingekuwa Mombasa ili ikupe presha ile ile. Hapa sintetiki inalipa pesa yake, maana oili ya kawaida ikiachwa ndani ya turbo iliyo moto inaungua na kuwa makaa. Wewe unayetoka kwenye Thika Road usiku saa tano, umevuta, umefika getini, unazima papo hapo ili mama asisikie: dakika moja, tafadhali. Iache ipumue dakika moja. Mama ameshasikia tangu Roysambu.

Na kilomita 5,000 za sevisi, mnazihesabu vipi? Anayeenda Nanyuki kwa mwendo wa 80 anazimaliza kwa saa 62 na nusu. Anayetambaa kwenye foleni kwa mwendo wa 15 anazimaliza kwa saa 333. Dashibodi zote mbili zitasema 5,000. Oili zimefanya kazi sawa? Mtu wa foleni na safari fupi, mimi namwita kwa 4,000, hata kama kopo limemwahidi 15,000.

Makopo bandia. Hapa nakiri dhambi yangu. Miaka michache iliyopita nilinunua katoni ya oili dukani, duka la kuheshimika, bei ilikuwa tamu. Sili ipo, hologramu ipo. Baada ya kilomita 2,000 oili ilitoka kama chai ya rangi, nyepesi, inanuka. Injini ilikuwa ya mteja wangu, na nililipa mimi. Tangu siku hiyo nanunua kwa msambazaji mwenye risiti. Bei ikiwa tamu sana sijiulizi nimebahatika vipi, najiuliza nani ametangulia kulitumia hilo kopo. Maana makopo yanatoka wapi? Yanatoka kwetu! Ukimaliza kubadilisha oili unaacha kopo zima, safi, na kifuniko. Kuna mtu analiokota. Toboa kopo. Piga bisibisi, toboa, kisha tupa.

La mwisho nililoahidi ni dipstiki. Ndugu zangu, hizi injini za Subaru zimelala ubavu, na nyingi zinakunywa oili kidogo kidogo bila kutoa moshi wa kuonekana. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki ni karibu lita moja, na injini nzima ina lita nne na kitu. Ukiwa chini ya alama ya chini umepoteza robo ya kila kitu. Halafu unaingia kona ya kasi, oili inakimbilia upande mmoja, bomba linavuta hewa. Sintetiki bora duniani ikiwa haimo, haimo. "Lakini fundi, taa haikuwaka!" Ile taa inawaka presha ikiwa imeisha karibu yote. Taa ile haionyi, inatangaza msiba.

Kila Jumamosi, gari likiwa mahali tambarare, limezimwa dakika chache, vuta, pangusa, rudisha, vuta tena. Yule kijana wa Forester angefanya hivyo Nakuru kabla ya kumpakia mbuzi, huenda hata ile 20 ingemfikisha Nairobi, akaja kwangu nimgombeze tu.

Naona mkono. Ndiyo, dada. Anauliza mbona sijataja jina la oili hata moja ya kununua. Dada, wewe unaendesha nini? WRX ya 1999. Unajua inakula oili kiasi gani kwa mwezi? Hujui. Basi sina jina la kukupa leo.

Fungueni maboneti, yote. Nina tochi mbili na matambara ya kutosha. Tuanze na ile Impreza ya bluu kule mwisho, nimeiona ikitoa moshi ikiingia getini, na mwenyewe ameshaanza kurudi nyuma.